Arthur Ashe: bingwa aliyeongezewa damu kabla ya kipimo kupatikana

Wapenzi wa tenisi hulisikia jina la Arthur Ashe kila mwaka, kwani ndilo jina la uwanja mkuu wa US Open mjini New York. Wachache wanajua kilichomuua.

Ashe alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1943, enzi ambayo mtoto mweusi hakuruhusiwa kwenye viwanja vya wazungu. Mamake alifariki yeye akiwa na miaka 6. Babake alikuwa mtunzaji wa bustani ya michezo ya watu weusi, na humo ndimo mtoto alimojifunza kushika raketi. Alishinda US Open mwaka 1968, na mwaka 1975 akambwaga Jimmy Connors na kuwa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa Wimbledon. Ndiye pia aliyekigundua kipaji cha Yannick Noah, mtoto mdogo kule Cameroon, mwaka 1971.

Moyo ulimsumbua mapema. Alipasuliwa mwaka 1979, kisha tena 1983, na safari hii akaongezewa damu. Damu ile ilikuwa na virusi vya Ukimwi, wala daktari hakuwa na njia ya kujua. Kipimo cha kuchunguza damu ya msaada kiliidhinishwa Marekani Machi 1985, chini ya miaka miwili baadaye.

Mwaka 1988 mkono wake wa kulia ulikufa ganzi. Alipopimwa, ukweli ukajulikana. Yeye na mkewe, Jeanne, walilifanya siri hadi Aprili 1992, gazeti moja liliponusa habari. Akaamua kutangaza mwenyewe. Miezi iliyobaki aliitumia kupigana na Ukimwi na unyanyapaa wake. Alifariki tarehe 6 Februari 1993, akiwa na miaka 49.

Leo hapa Kenya damu inayotolewa hupimwa Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa. Lakini kipimo nacho kina mwanya: virusi vilivyoingia mwilini juzi juzi huenda visionekane. Ndiyo maana mtoaji huulizwa maswali ya siri kabla ya kutolewa damu. Ndugu yangu, ukiulizwa, usione haya. Sema kweli, na kama una shaka, ahirisha. Anayeingojea damu hiyo hana namna ya kukuuliza.