Albert Thys na reli iliyomeza watu wasiohesabiwa

Mfanyabiashara wa Bujumbura anayevuka Gatumba kwenda Uvira anajua kwamba bei ya mzigo hutokana na njia. Barabara ikikatika, bei hupanda. Wabelgiji walilitambua jambo hilo zamani, na aliyelishughulikia kuliko wengine wote ni Albert Thys. Jina lake lilipewa mji wa Thysville, ambao leo ni Mbanza-Ngungu, magharibi mwa Kongo. Ni katika kambi ya jeshi ya mji huo ambamo Patrice Lumumba alifungwa kabla ya kupelekwa Katanga na kuuawa Januari 1961.

Thys alizaliwa Novemba 28, 1849, katika kijiji cha Dalhem, mashariki mwa Ubelgiji. Akawa afisa wa jeshi, na mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili alimchukua kuwa katibu wake katika mambo ya Afrika. Alikuwa mchapakazi, hodari wa mahesabu, na alijua kuwashawishi wenye fedha.

Tatizo lililomkabili lilikuwa hili: Mto Kongo una maporomoko makubwa kati ya Matadi na Leopoldville, Kinshasa ya leo, na meli haziwezi kupita. Mizigo yote ilibebwa vichwani na wapagazi kwa safari ya wiki tatu hivi, na wengi walikufa njiani. Mwaka 1887 Thys alikwenda kuiona njia hiyo kwa macho yake. Mwaka 1889 ikaanzishwa kampuni ya reli kwa mtaji wa faranga milioni 25, milioni 10 zikiwa za serikali ya Ubelgiji. Ujenzi ulianza mwaka 1890.

Ulikuwa ujenzi mgumu. Vilima vya Matadi ni vya mawe na mabonde yake ni marefu, na miaka ya kwanza ilimalizika reli ikiwa imesogea kilomita chache tu. Treni ziliacha njia na kuanguka. Mabehewa yaliyopakia baruti yalilipuka na kuwararua wafanyakazi, weusi kwa weupe. Magonjwa ya ndui, malaria na kuhara damu yalienea kambini. Chakula kilikuwa kibaya, na mahali pengine hapakuwa na hata banda la kulala. Kampuni ilikuwa na askari wake wapatao 200, na kiboko kilitumika kila siku.

Ndugu msomaji, tabia ya mwajiri huonekana baada ya ajali. Mzungu aliyeona kazi imemshinda aliweza kuvunja mkataba na kurudi kwao, na wengi walifanya hivyo. Mweusi na Mchina hawakuwa na ruhusa hiyo. Waliokataa kazi walipelekwa kwa minyororo. Kulikuwa na asubuhi ambapo, tarumbeta ya kuamsha watu ikilia, wafanyakazi wenye hasira waliwabeba wenzao waliokufa usiku na kuwalaza miguuni pa wasimamizi wa Kizungu. Hawakuwa na chama wala wakili, na hayo ndiyo malalamiko waliyoweza kuyafikisha.

Kampuni ilijaza nafasi za waliokufa kwa kutafuta watu wengine mbali zaidi. Iliwaleta kutoka Afrika Magharibi, na mwaka 1892 ikawaleta watu wa Barbados. Hao walipofika Boma walikataa kushuka melini. Askari wakapiga risasi, wawili wakafa na wengine wakajeruhiwa. Mwaka huohuo waliletwa Wachina 540 kutoka Macau. Kama 300 kati yao walikufa au kukimbilia porini. Inasimuliwa kwamba baadhi ya waliokimbia walionekana baadaye zaidi ya kilomita 800 ndani ya nchi. Walikuwa wakitembea kuelekea jua linakochomoza, wakitumaini kuifikia pwani yetu hii ya mashariki na kupata njia ya kurudi kwao. Sisi tuliowahi kuukimbia mpaka kwa miguu tunaielewa safari hiyo bila kufafanuliwa.

Isidhaniwe kwamba Thys alikuwa mtu asiyeweza kusema mbele ya mkubwa. Mfalme alipotaka kujitwalia peke yake biashara ya mpira na pembe za ndovu mwanzoni mwa miaka ya 1890, Thys na kampuni zake walimpinga waziwazi hadi wakafikia makubaliano mwaka 1892. Kwa hiyo ujasiri alikuwa nao. Aliutumia kulinda bidhaa na faida.

Reli ilizinduliwa Julai 1898 kwa sherehe kubwa. Safari ya wiki tatu ikawa ya siku mbili, na mzigo wa upagazi katika njia ile ukaisha. Hilo ni jema, na hatuna budi kulitaja. Hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa Wazungu 132, na wasio Wazungu 1,800. Mfanyabiashara anayejua daftari aziangalie vizuri namba hizo mbili. Ya kwanza ni ya mtu aliyehesabu mmoja mmoja. Ya pili imekaa kama gunia lililopimwa kwa macho, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi. Asiyehesabiwa vizuri, nani atamlipa mjane wake?

Thys alifariki Brussels Februari 10, 1915, mwaka mmoja kabla Wabelgiji hawajaingia Usumbura. Alijengewa mnara wa kumbukumbu katika bustani ya Cinquantenaire mjini humo.

Katika nchi yetu ipo INSS, iliyoundwa mwaka 1962, ambayo hushughulikia ajali za kazini. Lakini mlango wake hufunguka kwa mfanyakazi aliyeandikishwa na mwajiri wake. Wengi waliorejea kutoka uhamishoni wanapakua malori, wanachimba kokoto au wanajenga maghorofa kwa makubaliano ya mdomo tu. Siku kamba ikikatika au ukuta ukianguka, mwajiri ataweza kusema kwamba hamfahamu mtu huyo. Basi mwenye kampuni aandikishe watu wake leo, hata wa kutwa. Na wewe unayeanza kazi kesho asubuhi, kabla ya kuuliza mshahara, uliza jina lako limeandikwa wapi.