Seyyid Barghash na Maji ya Mji wa Unguja

Atajwapo Seyyid Barghash bin Said, wengi hulikumbuka jumba la Beit el Ajaib alilolijenga mwaka 1883. Lakini kama ni kuhesabu lililomfaa maskini, basi maji ndiyo ya kutajwa kwanza.

Mwaka 1859 Barghash aligombea ufalme na kaka yake, Seyyid Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Miaka ile ile mji huo ulikuwa ukianza kuletewa maji ya mabomba kutoka ziwa la Vehar. Baadaye alirudi kwao Unguja.

Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kikaingia Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa akiganga mjini, alichunguza njia yake, akaona kuwa kilifuata misafara ya bara hadi Pangani, kisha kikavuka bahari. Watu walikuwa wakinywa maji ya visima vifupi, jirani na vyoo na makaburi. Maelfu walikufa, na watumwa na mafukara ndio walioumia zaidi.

Oktoba 1870 Majid alifariki, na Barghash akatawala. Shida zikamwandama: mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu na kuvunja merikebu zake, mwaka 1873 Waingereza walimshurutisha kufunga soko la watumwa. Juu ya hayo alijenga mfereji wa kuleta maji mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, kaskazini. Raia wakateka bure.

Kwa Muislamu, maji hayo si ya kunywa tu. Ni ya udhu, ya josho, na ya kumwosha maiti. Atoaye maji ameacha sadaka ya kuendelea.

Hata hivyo kazi ilibaki nusu. Maji safi yaliingia mjini, lakini maji machafu hayakutengenezewa njia ya kutosha ya kutokea. Ng'ambo, kwenye vibanda vya wanyonge, choo kilikuwa shimo, na kisima hakikuwa mbali. Barghash alifariki Machi 1888, na mji ukazidi kujaa. Kipindupindu kilirudi Unguja mwaka 1978, na tena mwaka 2015, kikianzia daima palipo na uchafu.

Ndilo funzo la maisha yake. Aliyeleta maji alifanya jambo kubwa. Waliomfuata wamebakiwa na deni la mitaro na vyoo. Usafi ni katika imani, na nusu ya usafi haimwokoi mtu. Mwenyezi Mungu amrehemu.