Kabaka Mwanga na Bendera za Wageni

Kila ifikapo tarehe 3 Juni jina la Kabaka Mwanga wa Buganda hutajwa katika makanisa yetu, nalo hutajwa kwa ubaya. Ndiye aliyeamuru vijana wa Namugongo wachomwe moto. Hilo ni kweli, wala hatuandiki ukurasa huu ili kulifuta. Lakini maisha ya mtu huyu hayakuishia Namugongo. Aliishi miaka mingine 17 baada ya hapo. Mara tatu alivuka kuja upande wetu wa ziwa akiwa mkimbizi, akapigana vita na ndugu zake, akasaini mikataba na wageni waliokuwa wakishindana wenyewe kwa wenyewe, na mwisho akafa mbali sana na kwao, akiwa Mkristo aliyebatizwa. Katika vitabu vya shule mambo hayo hupitwa upesi. Tumeona yafaa tuyaeleze polepole kwa wasomaji wetu wa hapa Singida Mjini, maana nchi yetu nayo imo ndani ya habari hizi.

Mwanga alizaliwa mwaka 1868, mwana wa Kabaka Mutesa. Baba yake alikuwa mtu mwerevu. Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wamekwisha kuleta Uislamu na bunduki Buganda. Wamisionari wetu wa CMS wakafika mwaka 1877, na Mapadre Weupe kutoka Ufaransa wakafika mwaka 1879. Mutesa aliwapokea wote, akawasikiliza wote, asimfuate hata mmoja mpaka mwisho. Kule kaskazini Misri ilikuwa ikiinyemelea nchi yake, naye alijua kwamba mgeni mmoja humzuia mgeni mwingine. Alipofariki Oktoba 1884, kijana Mwanga alirithi kiti, lakini ule ustadi wa baba yake wa kuwapima wageni hakuurithi.

Tukumbuke mwaka wenyewe. Ndiyo miezi ile ile Carl Peters alipokuwa akizunguka Usagara na Uzigua akiwatia watemi saini kwenye makaratasi, na mwaka uliofuata manowari za Wajerumani zikaja Unguja kumtisha Sultani Barghash. Habari hizi zilifika Mengo kwa njia ya misafara. Kijana wa miaka 17 akasikia kwamba Wazungu wanaila nchi kutoka pwani. Mara akaambiwa kuna Mzungu mkubwa anakuja kwa njia ya Busoga, njia ya mashariki, ambayo Waganda waliiogopa kuwa ndiyo mlango wa nyuma wa ufalme wao. Huyo alikuwa Askofu James Hannington. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Mwanga. Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga walikuwa wamekwisha kuuawa Januari mwaka huo, na mwaka 1886 ikaja Namugongo, Waanglikana na Wakatoliki katika moto mmoja. Hofu ya mtu haimpi ruhusa ya kuua watoto. Lakini tukitaka kujua alifanya kwa nini, hofu ile tuiweke mahali pake.

Sasa tuje kwenye vita. Mwaka 1888 Mwanga aliamua kuwaondoa wasomaji wote, Waislamu na Wakristo, akapanga kuwapeleka katika kisiwa ziwani na kuwaacha huko wafe kwa njaa. Siri ikavuja. Mwezi Septemba wote wakaungana, wakamwondoa. Akatoroka kwa mtumbwi na watu wachache hadi Magu, pwani ya kusini ya ziwa, ambako wafanya biashara wa Kiarabu walimshika kama mateka. Kutoka huko akakimbilia kwa Mapadre Weupe wa Bukumbi, karibu na Mwanza. Mapadre wakampokea yule yule aliyewaua watoto wao wa kiroho, wakampa chakula na mahali pa kulala. Sisi Waanglikana tuwape haki yao.

Huko nyuma walioungana hawakukaa mwezi na nusu bila kugombana. Oktoba Waislamu waliwafukuza Wakristo, nao wakakimbilia Ankole. Kabaka mpya Kiwewa akaondolewa upesi, akawekwa Kalema, naye akawaua wana wa kifalme, wake kwa waume, asipate mpinzani. Tangu hapo vita vya ndani vya Waganda vikawa mlango wazi kwa kila jirani. Wafanya biashara wa pwani waliwapa Waislamu bunduki na baruti. Kabalega wa Bunyoro akawaletea askari. Ankole ikawalinda Wakristo. Na Wakristo nao, wakiwa hawana mfalme, wakatuma watu kuvuka ziwa kumwita Mwanga arudi!

Mwanga alimwandikia Alexander Mackay, fundi na mmisionari wetu aliyekuwa Usambiro kusini mwa ziwa, akiomba radhi na msaada. Aliyejitolea kumvusha kwa chombo chake na silaha ni Charles Stokes, aliyewahi kuwa mmisionari wa CMS kisha akawa mfanya biashara wa pembe na bunduki, mume wa mwanamke wa Kinyamwezi, mwenye kuijua njia ya misafara ya kati kuliko Wazungu wengi. Oktoba 1889 Mwanga aliingia Mengo, akatolewa tena baada ya muda mfupi, na Februari 1890 akarudi kwa nguvu. Mwezi huo huo Mackay alikufa kwa homa Usambiro. Mifupa yake ilihamishiwa Namirembe mwaka 1927.

Waswahili husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kunguru sasa walikuwa wawili. Mwanga alipokuwa bado nje alikuwa ameomba msaada pia kwa msafara wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, uliokuwa umepiga kambi kwa Mumia, huko ambako leo ni magharibi ya Kenya. Mkuu wake, Frederick Jackson, alikwenda kuwinda ndovu. Nyuma yake akatokea Carl Peters, akazifungua barua za mwenziwe, akazisoma, kisha akakaza mwendo hadi Mengo. Akamtia Mwanga saini ya mkataba wa urafiki na Ujerumani, kwa kibali cha Wakatoliki. Jackson alipofika mwezi Aprili akamkuta mwenziwe amekwisha kupita. Naye Peters akarudi kwa njia ya kusini akipigana na Wagogo, na Juni akafika Mpwapwa, ambako baadhi yetu tulisomea ualimu. Pale akakutana na Emin Pasha, anayepanda kutoka Bagamoyo kwa amri ya Wajerumani kwenda kushika nchi za ziwa. Wazungu wawili wanakaa Mpwapwa wakizungumza jinsi Uganda itakavyokuwa ya Ujerumani, na hawana habari kwamba huko Ulaya jambo linakaribia kumalizwa.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano mjini Berlin. Ujerumani iliiacha Uganda, ikapata kisiwa kidogo cha Heligoland katika bahari ya kaskazini, karibu na mwambao wake. Ziwa likakatwa kwa mstari wa nyuzi 1 kusini ya Ikweta. Mwanga hakuulizwa, wala Apolo Kaggwa, Katikiro wake Mprotestanti, wala wakuu wa Kikatoliki. Mstari huo ungali mpaka wetu na Uganda ng'ambo ya magharibi ya ziwa, na ndio ambao majeshi ya Idi Amin yaliuvuka mwaka 1978 kuingia Kagera.

Desemba 1890 akaja Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni, na askari wake wa Kisudani, na bombomu moja ya Maxim iliyochakaa. Hakungoja aonyeshwe pa kukaa. Akapanda kilima cha Kampala, akapiga hema. Siku ya pili ya Krismasi Mwanga akasaini mkataba wa Kampuni shingo upande.

Hapa yafaa tueleze neno moja. Kule Buganda, Waprotestanti waliitwa Waingereza na Wakatoliki waliitwa Wafaransa. Ndivyo watu walivyojiita wenyewe. Mganda ambaye hakupata kuona bahari akajiita Mfaransa, na jirani yake akajiita Mwingereza, kwa sababu mmoja alifundishwa sala na Padre Lourdel na mwingine na Mackay. Walimu wale walileta Injili, na pamoja nayo wakaleta uhasama wa mataifa yao, kama mtu aingiaye nyumbani na tope la barabarani miguuni. Mwanga wakati huo alikuwa upande wa Wafaransa, kwa kuwa aliona Waingereza ndio wenye ngome na bombomu.

Januari 1892 Mkatoliki mmoja alimwua Mprotestanti katika ugomvi wa bunduki. Mwanga alihukumu kwamba marehemu alikuwa ameingia katika ua wa mwenziwe, akamwachia mshitakiwa. Lugard alidai auawe, Mwanga akakataa. Lugard akagawa bunduki kwa Waprotestanti. Tarehe 24 Januari, nayo ilikuwa Jumapili, Wakristo wa Mengo walipigana. Miaka mitano na miezi michache tu ilikuwa imepita tangu Namugongo, na waliopigana walikuwa ndugu na rafiki za wale waliokufa pamoja wakisali. Bombomu ilipigwa kutoka Kampala. Kanisa la Wakatoliki la Rubaga likaungua. Mwanga alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe pamoja na Askofu Hirth. Siku chache baadaye kisiwa nacho kikapigwa, na watu wengi walizama ziwani wakijaribu kutoroka kwa mitumbwi.

Sisi ni Waanglikana, na upande ule ulioshinda ulikuwa wetu. Haidhuru Lugard alikuwa mtu wa Kampuni na si wa Kanisa. Tena Kampuni ilipoishiwa fedha mwaka 1891 na kutaka kuondoka Uganda, marafiki wa CMS huko Uingereza ndio waliochanga maelfu ya pauni ibaki. Walichanga kwa kuwahurumia Wakristo wa Buganda, hilo hatulitilii shaka. Lakini fedha zile zilimbakiza Lugard kilimani. Ni lazima tuyaseme haya tunapokumbuka mashahidi.

Baada ya vita Mwanga alivuka hadi upande wa Bukoba, kwa Wajerumani. Akabembelezwa, na mwishoni mwa Machi akarudi Mengo. Nchi ikagawanywa kwa dini: Wakatoliki wakapewa Buddu, Waislamu visehemu vidogo, Waprotestanti wakachukua sehemu kubwa na vyeo vikubwa. Askofu Hirth pamoja na Wakatoliki wa Kiganda waliokimbia walianza misheni ya Kashozi karibu na Bukoba mwaka huo huo. Hivyo Kanisa Katoliki la Kagera lilikuwa na wakimbizi wa vita hivyo miongoni mwa watu wake wa kwanza. Ufaransa ikadai fidia kwa Serikali ya Uingereza, nayo ililipwa. Mwaka 1895 wakaletwa mapadre wa Mill Hill kutoka Uingereza, ili Waganda waone kwa macho kwamba mtu aweza kuwa Mwingereza na Mkatoliki.

Mwaka 1893 bendera ya Kampuni iliteremshwa, ikapandishwa ya Uingereza, na 1894 Buganda ikatangazwa kuwa nchi ya hifadhi. Mwanga alibaki na ngoma na kiti, akasimamiwa na maofisa. Usiku wa tarehe 6 Julai 1897 alitoroka Mengo, akaenda Buddu kukusanya jeshi. Safari hii waliomfuata walikuwa wa dini zote, hata wasio na dini. Alishindwa tarehe 20 Julai, akavuka mpaka. Wajerumani wa Bukoba, ambao zamani walimtaka awe rafiki yao, walimkamata, wakampeleka Mwanza akakaa chini ya ulinzi. Sasa mpaka ulikuwa umekubaliwa, na rafiki hakuhitajiwa tena.

Tarehe 14 Agosti mwanawe Daudi Chwa, mwenye umri wa mwaka mmoja na siku chache, aliwekwa kuwa Kabaka. Mwanga akatoroka Mwanza mwishoni mwa mwaka, akarudi kupigana, akashindwa tena Januari 1898. Ndiyo miezi ile askari wa Kisudani walipoasi, na George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda, akauawa Busoga. Mwanga alikwenda kaskazini akaungana na Kabalega wa Bunyoro, adui wa zamani wa baba yake, yeye aliyekuwa akiwasaidia Waislamu dhidi yake. Walikamatwa pamoja katika nchi ya Lango tarehe 9 Aprili 1899. Kabalega alijeruhiwa mkono, ukakatwa.

Wakapelekwa Kismayu, kisha visiwa vya Shelisheli, ambako Waingereza waliwaweka wafalme waliowasumbua. Prempeh wa Ashanti alikuwa huko pia. Na huko, bila kiti, bila jeshi, bila mgeni yeyote wa kumshindania, Mwanga alibatizwa katika Kanisa Anglikana, akaitwa Danieli. Zamani alipokuwa na la kupata kwa kubatizwa hakubatizwa. Safari hii hapakuwa na faida ya dunia iliyobaki, na kwa sababu hiyo sisi tunauona ubatizo wake kuwa wa kweli kuliko wa wakuu wengi wa siku zile. Kama mashahidi wa Namugongo wanamtambua hivyo, hilo si letu kulihukumu.

Alikufa huko tarehe 8 Mei 1903, umri wake kama miaka 35. Kabalega alikaa uhamishoni miaka 20 zaidi, akafa Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao.

Mifupa ya Mwanga ililetwa nyumbani mwaka 1910, ikazikwa Kasubi mwezi Agosti, katika nyumba alimozikwa Mutesa. Aliyeipokea kama Kabaka alikuwa Daudi Chwa, mvulana anayetimiza miaka 14 mwezi huo. Usiku ule baba yake alipotoroka Mengo alikuwa na miezi 11.