Alfonsina Strada, mwanamuke aliyeingia katika mbio za wanaume

Alfonsina alizaliwa mwaka 1891 katika kijiji cha wakulima, kaskazini mwa Italia. Nyumba ilikuwa na watoto wengi, feza kidogo. Baba yake alileta kinga moja ya zamani, na mtoto wa kike njo akaizoea kuliko wote. Siku ya Mungu aliwaambia wazazi anaenda misa, kumbe anaenda kwenye mashindano. Watu wa kijiji walimuita shetani mwenye sketi.

Mwaka 1915 aliolewa na Luigi Strada. Bwana huyu hakumukataza. Inasemekana zawadi ya arusi ilikuwa kinga ya mashindano. Wakahamia muji wa Milano, mama akaendelea kukimbia ndani ya viwanja vya mbio za kinga, Torino mpaka Paris. Mwaka 1917 na 1918, wakati wa vita, alishindana na wanaume katika Giro di Lombardia na kufika mwisho mara zote mbili.

Lakini jina lake lilienea mwaka 1924. Wakimbiaji wakubwa walikuwa wamegomea Giro d'Italia kwa sababu ya malipo, na gazeti lililotayarisha mbio lilihitaji kitu cha kuvuta watu. Wakamukubali. Tuseme ukweli: hawakufanya vile kwa kupenda haki ya wanawake.

Njia ilikuwa kilometa 3.613, vipande 12, barabara za mawe na matope. Kati ya L'Aquila na Perugia, mvua na upepo vilimuangusha, usukani ukavunjika. Akafunga kijiti cha ufagio pahali pake, akaendelea. Alifika akiwa amechelewa kupita saa iliyopangwa.

Sheria ilisema atoke. Wakubwa wa mbio wakabishana, kisha wakamuruhusu kuendelea bila kuhesabiwa. Kati ya watu 90 walioanza, 30 tu ndio walihesabiwa Milano. Yeye pia alifika, na wananchi walimuchangia feza njiani. Wakati ule Luigi alikuwa mgonjwa wa akili hospitalini, na makuta ya kinga ndiyo yalisaidia kulipa matunzo yake.

Miaka iliyofuata alikataliwa kuandikishwa tena. Giro ya wanawake ilianza tu mwaka 1988.

Alfonsina alirudi viwanjani, baadaye akafungua duka la kutengeneza kinga Milano. Alikufa mwezi wa tisa 1959, akiwa na miaka 68, siku aliyokuwa ametoka kutazama mashindano na pikipiki yake.