Marconi, Mtaliano aliyeunganisha majengo bila waya

Mfanyabiashara akiwa Kobero anapiga simu Ngara kuuliza bei ya maharage, na jibu linarudi papo hapo. Ni nani aliyeanzisha kazi hii ya kupeleka habari bila waya? Wengi walichangia, akiwemo Mjerumani Heinrich Hertz aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio. Lakini aliyeyatoa maabara na kuyaingiza katika shughuli za watu ni Guglielmo Marconi.

Alizaliwa Bologna, Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake alikuwa mwenye mashamba, na mama yake, Annie Jameson, alikuwa Mwairishi. Hakuwahi kupata shahada ya chuo kikuu. Mimi niliyesoma ukimbizini, kwenye madarasa yasiyo na maabara, napenda kuwaeleza wanafunzi wangu habari hiyo.

Mwaka 1895, akiwa nyumbani kwao, aligundua kwamba akiinua waya mmoja juu na kuzika mwingine ardhini, ishara hufika mbali zaidi. Kaka yake Alfonso alikwenda na kipokezi nyuma ya kilima, akafyatua bunduki kuonyesha kwamba ishara imefika.

Mwaka 1896 alikwenda Uingereza na mama yake. Inasimuliwa kwamba maofisa wa forodha walivitilia shaka vifaa vyake wakaviharibu, ikabidi avitengeneze upya. Wenzangu wa mpakani wanalijua jambo hilo! Julai mwaka huo alipeleka ishara kati ya majengo mawili ya Posta jijini London, mbele ya wakubwa wa Posta. Mwaka 1899 alivuka mlango wa bahari hadi Ufaransa, na Desemba 1901 ishara yake ikavuka Atlantiki. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ferdinand Braun. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912, watu zaidi ya 700 waliokolewa kwa sababu mitambo yake iliita msaada.

Kazi yake inayofanana zaidi na mitandao ya leo ilikuja Februari 1933. Aliunganisha kwa simu Vatikani na jumba la Papa la Castel Gandolfo, umbali wa kama kilomita 20, bila waya. Alitumia mawimbi mafupi sana, yasiyofika urefu wa mita moja, yakielekezwa upande mmoja kwa vioo vya chuma. Mawimbi ya namna hiyo husafiri kama mwanga wa tochi: kilima au jengo likikaa katikati, mawasiliano hudhoofika au hukatika. Ndiyo maana minara yetu hujengwa vileleni. Shule inayotaka kupokea intaneti kutoka jengo la mbali ianze kwa kupanda juu ya paa na kuangalia: je, jengo lile linaonekana?

Msomaji, tusimtakase Marconi. Mwaka 1923 alijiunga na chama cha Mafashisti cha Mussolini, na baadaye alitetea hadharani uvamizi wa Italia nchini Ethiopia ulioanza mwaka 1935. Alijua kupeleka sauti mbali, lakini alikubali kuwatumikia wakandamizaji.

Sisi wa Maziwa Makuu tumeyaona yote mawili. Mwaka 1994 redio ilichochea mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Mwaka huo huo BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyosaidia familia zilizotawanyika kutafutana. Kambini tulizunguka redio moja tukisikiliza majina, kila mtu akingoja la ndugu yake.

Marconi alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937, akiwa na miaka 63. Vituo vya redio katika nchi nyingi vilinyamaza kwa dakika mbili kumkumbuka.