Hans Meyer

Hans Heinrich Josef Meyer (Hildburghausen, Ujerumani, 22 Machi 1858 – Leipzig, 5 Julai 1929) alikuwa mwanajiografia, mpelelezi na mchapishaji wa vitabu kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kama mtu wa kwanza anayekumbukwa kufika kwenye kilele cha Kibo, kilele kirefu zaidi cha mlima Kilimanjaro (Tanzania), tarehe 6 Oktoba 1889, pamoja na Mwaustria Ludwig Purtscheller.

Maisha

Meyer alizaliwa katika familia ya wachapishaji. Babu yake, Joseph Meyer, alianzisha kampuni iliyochapa kamusi elezo mashuhuri ya Kijerumani. Mali ya familia ilimwezesha kugharimia safari zake.

Majaribio mawili ya kwanza

Mwaka 1887 Meyer alifika kwenye Kibo akakuta theluji nyingi na ukuta wa barafu. Hakuwa na vifaa vya kupita mahali kama hapo, akarudi.

Mwaka 1888 alijaribu tena pamoja na Oscar Baumann, lakini hawakufika mlimani. Wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani walikamatwa, wakaachiliwa baada ya kulipa fidia.

Safari ya 1889

Mara ya tatu Meyer alijiandaa kwa namna nyingine. Alimchukua Purtscheller, mpanda milima mzoefu wa Alpi, pamoja na kamba na mashoka ya barafu. Waliweka kambi kadhaa juu ya Marangu, na wapagazi wakapeleka chakula huko mara kwa mara. Hivyo waliweza kujaribu zaidi ya mara moja bila kushuka hadi vijijini. Mwini Amani wa Pangani alibaki nao katika kambi ya juu yenye baridi kali. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu hutajwa mara nyingi kuwa kiongozi wa njia.

Tarehe 3 Oktoba walipanda barafuto, yaani mto wa barafu, upande wa kusini-mashariki. Barafu ilikuwa ngumu na yenye mteremko mkali, kwa hiyo kila hatua ilichongwa kwa shoka. Mtu akiteleza angeporomoka mbali. Juu zaidi, uso wa barafu uliolika kwa jua ulivunjika chini ya miguu yao. Walifika ukingo wa kasoko mchana wakiwa wamechoka, na kilele kilikuwa bado mbali. Waliamua kurudi.

Baada ya kupumzika walilala pangoni karibu zaidi na barafu, wakaondoka usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba. Hatua zilizochongwa awali zilikuwa bado zinafaa, na waliwahi kabla ya jua kulainisha theluji. Walifika kileleni asubuhi hiyo, siku Purtscheller alipotimiza miaka 40. Meyer alikadiria kimo kuwa mita 6,010. Kipimo cha sasa ni mita 5,895.

Meyer, aliyekuwa mtetezi wa ukoloni, alikiita kilele hicho kwa jina la Kaisari Wilhelm. Tangu uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 kinaitwa Uhuru.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1890 alitoa kitabu kuhusu safari zake kwenye barafuto za Afrika Mashariki. Aliporudi Kilimanjaro mwaka 1898 aliona kwamba barafu imepungua. Mwaka 1903 alichunguza milima ya Ekuador, na mwaka 1911 alitembelea Rwanda na Burundi. Kuanzia 1915 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leipzig.

Barafu ya Kibo baada ya Meyer

Kati ya miaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake. Kupungua huko hakujaondoa hatari, kwa sababu barafu inapoyeyuka huachia mawe yaliyoshikwa nayo. Januari 2006 maporomoko ya mawe katika njia ya magharibi ya Kibo yaliua wapanda mlima 3 kutoka Marekani. Maandishi ya Meyer yanabaki kumbukumbu muhimu ya hali ya barafu ilivyokuwa zamani.