Francis Aston, mtu aliyepima atomu

Kwenye tablo ya elementi ya darasa la shimi, kloro iko na uzito wa 35,5. Kila siku tunaandika ile nusu katika hesabu, lakini nani anauliza imetoka wapi? Aliyetupa jibu ni Francis William Aston, Mwingereza aliyezaliwa Harborne, karibu na Birmingham, tarehe 1 Septemba 1877.

Kwanza alifanya shimi katika kiwanda cha pombe, miaka 3. (Ndiyo, cha pombe. Musicheke.) Mwaka 1910 alikwenda Cambridge kumsaidia Profesa J. J. Thomson, ambaye foto zake za gesi ya neoni zilionyesha atomu za uzito mbili, 20 na 22. Vita ya 1914 ikakatisha ile kazi.

Mwaka 1919 Aston alijenga mashini yake. Inafanya hivi: ndani ya chupa yenye gesi kidogo sana, umeme unanyang'anya atomu elektroni, nayo inakuwa ioni. Ioni zinakimbia sana, kiisha umeme na sumaku vinazipinda njia. Nyepesi inapinda zaidi, nzito kidogo tu, na kila uzito unaangukia mahali pake kwenye kioo cha foto na kuacha mstari. Kloro iliacha mistari kwa 35 na 37. Kwa 35,5, hakuna kitu! Ile nusu ni hesabu ya kuchanganya tu: karibu atomu 3 za 35 kwa 1 ya 37. Mwaka 1922 akapewa Nobel ya shimi.

Ioni nzito zilimsumbua, juu metali nzito hazigeuki mvuke kwa urahisi. Uraniumu aliipata mwaka 1931 tu, ikiwa imeunganishwa na fluori. Kioo kilionyesha mstari mmoja, 238. Ndugu yake 235 hakuonekana, kwani katika atomu 1000 ni 7 hivi. Mimi simlaumu: alama hafifu namna ile, nani angeiona? Arthur Dempster wa Chicago ndiye aliyeiona, mwaka 1935.

Ni ile 235 iliyolipuka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na sehemu kubwa ya uraniumu ya Wamarekani ilitoka hapa kwetu, Shinkolobwe, Katanga.

Aston alikufa Cambridge tarehe 20 Novemba ya mwaka uleule. Alikuwa amegundua izotopu 212 za asili.